Turner: picha alizozimaliza, alizoziacha njiani, na zilizoharibiwa na mafuta yake mwenyewe

Ukiingia Tate Britain, jumba la sanaa lililo ukingoni mwa mto Thames jijini London, kuona vyumba vya Turner ni bure. Ukutani utakuta bahari ambazo huwezi kujua maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, jua lililoyeyuka, kasri lililobaki kivuli cha buluu ndani ya ukungu wa manjano. Wageni wengi hutoka hapo wakiamini hadithi moja: mzee alichoka na maumbo ya vitu, akaamua kuchora mwanga mtupu, miaka 30 kabla wachoraji wa Kifaransa walioitwa Impressionists hawajafikiria jambo hilo.

Hadithi hiyo ni tamu, ila imechanganya makundi matatu ya picha. Kuna zile Turner alizozimaliza na kuzitundika mbele ya watu. Kuna zile alizoziacha njiani, ambazo hakuna aliyetarajiwa kuziona. Na kuna zile zilizobadilika sura baada ya kutoka mkononi mwake, kwa sababu ya vitu alivyovichanganya kwenye rangi. Kuyatenganisha makundi hayo kunahitaji kumfuata tangu alipofundishwa kazi hadi mahakama ilipogawa mali yake.

Mtoto wa kinyozi

Joseph Mallord William Turner alizaliwa mwaka 1775 katika mtaa wa Maiden Lane, Covent Garden, katikati ya London. Baba yake alikuwa kinyozi na mtengenezaji wa mawigi, na inasimuliwa kwamba aliitundika michoro ya mwanawe dukani na kuiuza kwa shilingi moja hadi tatu. Mama yake aliugua akili. Alilazwa hospitali ya St Luke's mwaka 1799, mwaka uliofuata akahamishiwa hospitali ya Bethlem, na mwaka 1804 akafariki.

Desemba 1789, akiwa na miaka 14, Turner alipokewa katika shule ya Royal Academy, chama cha wasanii jijini London. Hapa pana jambo ambalo wasifu wake mwingi huliruka haraka: shule hiyo ilifundisha kuchora, haikufundisha kupaka rangi. Mwanafunzi alianza na sanamu za plasta, kisha akapandishwa kwenda kuchora mtu aliye hai, basi. Namna ya kuandaa turubai, mafuta gani yachanganywe na rangi gani, safu ipi itangulie, hayo kila mtu alijitafutia mwenyewe. Turner alijifunza kuchora majengo kwa Thomas Malton, mtaalamu wa michoro ya usanifu, na ufundi wa rangi ya maji aliunolea nyumbani kwa Dakta Thomas Monro. Daktari huyo aliwaalika vijana jioni wanakili michoro ya watangulizi. Thomas Girtin alichora mistari, Turner akajaza vivuli na mwanga, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kwa ujira wa shilingi 3 na peni 6 kwa usiku mmoja, na chakula juu.

Kwa hiyo alipoonyesha picha yake ya kwanza ya mafuta mwaka 1796, wavuvi baharini usiku wa mbalamwezi, tayari alikuwa fundi wa rangi ya maji. Aliingia kwenye mafuta na mazoea ya karatasi: weupe chini, rangi nyepesi juu, mwanga upenye hadi chini na kurudi. Mazoea hayo ndiyo yaliyompa utukufu wake, na ndiyo yaliyomponza.

Ukuta ndio ulikuwa soko

Royal Academy ilikuwa na wanachama kamili 40 tu, na chini yao wanachama washiriki 20. Turner alichaguliwa mshiriki mwaka 1799 na mwanachama kamili Februari 1802, akiwa na miaka 26. Mchoraji John Constable, aliyezaliwa mwaka mmoja tu baada yake, alisubiri hadi 1829. Umri huo haukuwa suala la heshima peke yake. Mwanachama kamili alikuwa na haki ya kupigia wenzake kura, ya kuingia katika kamati iliyotundika picha, na haki nyingine ndogo ambayo kwa Turner iligeuka kuwa silaha.

Maonyesho ya Academy yalifunguliwa mara moja kwa mwaka, majira ya kuchipua, na hadi 1836 yalifanyika Somerset House. Ukumbi mkuu ulipata mwanga kutoka juu. Picha zilibananishwa fremu kwa fremu kutoka chini hadi karibu na dari, na ukutani ulipita mkanda wa mbao futi 8 kutoka sakafuni. Nafasi bora zilikuwa zile zilizopakana na mkanda huo. Aliyetundikwa juu kabisa au kwenye kona alikuwa amezikwa. Katika msongamano wa namna hiyo picha tulivu haionekani. Rangi za jirani huimeza.

Haki ndogo yenyewe ni hii: kuanzia mwaka 1809, wanachama walipewa siku kadhaa kabla ya ufunguzi waingie ukumbini kupaka vanishi na kugusia makosa madogo. Wasio wanachama walibaki nje. Wengi walimaliza shughuli yao kwa saa chache, Turner akageuza ukumbi kuwa karakana.

Mwaka 1832 Constable alitundika picha kubwa ya kufunguliwa kwa daraja la Waterloo, iliyojaa nyekundu na dhahabu, kazi ya zaidi ya miaka 10. Pembeni yake ilikuwa bahari ya Turner yenye rangi ya kijivu, "Helvoetsluys". Turner alikuja, akaitazama ya mwenzake, akaitazama yake, akaweka tone la nyekundu kali, dogo kiasi cha sarafu ya shilingi, katikati ya maji ya kijivu. Akaondoka bila kusema neno. Siku za mwisho alirudi akaligeuza lile tone kuwa boya. Mchoraji C. R. Leslie, aliyeshuhudia, aliandika kwamba Constable alilalamika: Turner amefika hapa, amefyatua bunduki.

Mwaka 1835 ulikuwa mkubwa zaidi. Bunge la Uingereza lilikuwa limeungua usiku wa tarehe 16 Oktoba 1834, na Turner alipeleka picha ya moto huo British Institution, taasisi nyingine ya maonyesho jijini. Turubai ilifika ikiwa na mabaka ya rangi tu, bila umbo la kueleweka. Walioshuhudia walieleza kwamba alifanya kazi tangu alfajiri akiwa karibu kabisa na turubai, bila kurudi nyuma hata mara moja kuitazama kwa mbali. Alikuwa na kisanduku kidogo cha rangi, brashi chache, na kwa muda mrefu alitumia kisu cha rangi kusambaza bonge la kitu kinachopitisha mwanga nusu. Alipomaliza alifunga kisanduku, akasogea kwa ubavu kuelekea mlangoni, akaenda zake.

Miaka miwili baadaye, hapo hapo, alikuwa na "Regulus", picha ya bandari aliyoianza Roma mwaka 1828. Shahidi wa siku hiyo alisema paletini mwake palikuwa na bonge kubwa la nyeupe na karibu hakuna kingine, na brashi mbili au tatu ngumu za manyoya ya nguruwe. Alilisukuma lile bonge kwenye kila shimo na kila uso wa picha, mstari baada ya mstari kutoka kwenye jua, hadi jua likawa limevimba juu ya turubai.

Hesabu ya mambo hayo ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoonekana kwenye picha zake za maonyesho iliwekwa kwa siku mbili tatu, juu ya turubai iliyokauka pengine miaka mingi nyuma. Mtu yeyote anayejua rangi za mafuta hapo atashtuka.

Pesa zilitoka wapi

Matajiri walimnunua mapema. Mwaka 1801 Duke wa Bridgewater alimlipa gini 250 kwa picha ya mashua za Kiholanzi kwenye dhoruba. Gini moja ni shilingi 21, yaani pauni na shilingi moja. Walter Fawkes wa Farnley Hall, huko Yorkshire, alinunua rangi za maji kwa miaka mingi, na Bwana Egremont wa Petworth alimpa chumba cha kufanyia kazi. Kufikia 1804 Turner alikuwa na ukumbi wake binafsi wa maonyesho nyumbani, urefu futi 70 na upana 20. Baba yake alikuwa ameacha unyozi akawa msaidizi: anawamba turubai kwenye viunzi mwanzoni, anapaka vanishi mwishoni. Turner alitania kwamba mzee ndiye huanza na kumaliza picha zake. Mzee alifariki mwaka 1829.

Lakini jina lake lilisambazwa na mashine ya chapa. Michoro yake ya rangi ya maji ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, na baadaye ya chuma cha pua, ikachapwa vitabuni. Tofauti ya metali hizo si ndogo. Shaba ni laini. Inachongeka vizuri, ila kila karatasi inayobanwa juu yake inaisaga kidogo, na baada ya nakala mia kadhaa mistari myembamba inaanza kufutika. Chuma kinatoa maelfu. Turner alikagua nakala za majaribio mwenyewe, akakwaruza penye giza kupita kiasi, akaongeza chaki nyeupe, akaandika maelekezo pembeni kuhusu wingu fulani au kivuli fulani, na bamba likarudi kwa mchongaji mara kadhaa. Wachongaji wa London walifunzwa hivyo kusoma mwanga bila rangi.

Biashara hiyo nayo iliweza kuzama. Mfululizo wa mandhari za England na Wales ulioanzishwa na Charles Heath mwaka 1827 ulikwama mwaka 1838 ukiwa na picha 96. Mabamba na nakala zisizouzwa vilipokuwa vinapelekwa mnadani mwaka 1839, Turner alivinunua vyote kwa pauni 3,000 ili pasiwe na mtu wa kuchapa nakala hafifu kwa mabamba yaliyochoka. Shika hilo akilini: mtu huyu alijali sana kazi yake itaonekanaje baadaye.

Mbao nne na ndoo ya maji

Namna alivyotengeneza rangi za maji inajulikana kwa sababu wenzake walimchungulia. Alikuwa na mbao nne za kuchorea, kila moja ikiwa na mpini uliofungwa kwa skrubu mgongoni. Karatasi iliwambwa juu ya ubao, ubao ukazamishwa wote majini, kisha akadondosha rangi ikiwa karatasi bado inachuruzika. Rangi zilikimbiliana zenyewe, zikafanya mawingu na mpito wa mwanga ambao brashi kavu haiwezi kuutoa. Akauweka pembeni, akachukua wa pili. Alipomaliza wa nne, wa kwanza ulikuwa umefikia unyevu unaofaa kwa kazi ya mwisho.

Hapo ndipo alipotoa weupe. Aliinua rangi kwa kitambaa au sponji, akakwangua karatasi kwa kisu, na ukucha wa kidole gumba aliuacha mrefu kwa makusudi hayo hayo. Mistari ya milingoti, nyasi na watu ilikuja mwisho, kwa nukta na vijistari vya brashi karibu kavu. Mwaka 1818 huko Farnley alimaliza picha ya manowari ikipakia vifaa kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana, huku mtoto wa nyumba hiyo akitazama.

Adui wa kazi hizi ni mwanga wenyewe. Nili, rangi ya buluu aliyoitumia mawinguni, hupauka; ikichanganywa na nyekundu ya udongo isiyopauka, kinachobaki ni nyekundu, na mawingu ya mvua yanageuka waridi kama machweo. Henry Vaughan, mkusanyaji aliyefariki mwaka 1899, alilijua hilo vizuri. Aliachia majumba ya taifa ya Edinburgh na Dublin rangi za maji za Turner kwa sharti kwamba zionyeshwe mwezi Januari tu, wakati jua la huko kaskazini ni dhaifu kuliko miezi yote. Sharti linaheshimiwa hadi leo. Kwingineko makumbusho hupunguza taa hadi kiasi cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) na kuzipumzisha karatasi gizani kwa muda mrefu baada ya kila maonyesho.

Chungu cha mafuta

Sasa turudi kwenye turubai, maana hapa ndipo penye utata.

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo inavyokauka. Hakuna maji yanayoondoka. Mafuta ya mbegu za kitani au ya jozi hunyonya oksijeni hewani na kugeuka polepole kuwa utando mgumu, kazi ya wiki na miezi, na wakati wote huo safu inajivuta na kutanuka. Ndiyo maana mafundi wana kanuni: safu ya juu iwe na mafuta mengi kuliko ya chini, ili ya chini iwahi kukauka. Ukigeuza, ngozi ya juu inakuwa ngumu huku tumbo la chini bado linatembea. Ya juu inachanika vipande vipande, kama tope la bwawa lililopigwa na jua.

Turner aligeuza kanuni hiyo mara kwa mara. Alianza vizuri: turubai, mara nyingi ya futi 3 kwa 4, iliyopakwa weupe badala ya kahawia waliyoizoea wenzake, kisha maeneo mapana ya rangi nyembamba, manjano hapa, buluu pale, bila mchoro. Sehemu hizi kwa kawaida ni imara. Shida inakuja kwenye tabaka za ukutani, zilizowekwa kwa haraka mbichi juu ya mbichi, zikiwa na viambato vilivyokausha kila kimoja kwa mwendo wake.

Kiambato mashuhuri kilikuwa megilpi. Unachemsha mafuta pamoja na madini ya risasi ili yakauke haraka, unayachanganya takriban sawa kwa sawa na vanishi ya mastiki, yaani utomvu wa mti ulioyeyushwa kwa tapentaini, na baada ya muda mfupi mchanganyiko unaganda kama jeli. Fundi anaupenda mara moja: brashi inateleza, rangi inasimama ilipowekwa bila kuchuruzika, na inang'aa. Bonge lile lenye kupitisha mwanga nusu alilolisambaza kwa kisu mwaka 1835 lilikuwa kitu cha aina hii. Baada ya miaka megilpi inakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha inakatika ikiguswa. Mbaya zaidi, utomvu ulio ndani yake unayeyushwa na dawa zile zile zinazotumiwa kuondoa vanishi kuukuu. Fundi wa kusafisha picha akipitisha pamba iliyolowa dawa, hawezi kuwa na uhakika kama anachoondoa ni uchafu wa miaka 150 au ni kivuli alichokiweka Turner. Vivuli vingi viliondoka hivyo na havirudi.

Uchunguzi wa kimaabara umekuta vingine pia: nta, mafuta magumu ya nyangumi, na lami. Lami hutoa kahawia nzito ya kupendeza na haikauki kabisa. Chumba kikipata joto inatembea tena, inapasua kila kilicho juu yake, na mipasuko yake ni mipana, yenye kingo zilizojikunja. Halafu mafundi wa karne ya 19, kwa nia njema, waliimarisha turubai kwa kubandika nyingine nyuma kwa gundi na pasi za moto. Joto lile likasawazisha zile nyeupe zilizovimba na kulainisha nta.

Rangi zenyewe? Turner alikimbilia kila unga mpya uliotoka kwa wakemia: buluu ya kobalti, manjano ya kromu, kijani ya zumaridi. Hizo kwa jumla zilistahimili. Udhaifu wake ulikuwa kwenye nyekundu. Alipenda nyekundu ya wadudu wa kochinili, na nyekundu ya iodini na zebaki, ambazo ni kali ajabu siku ya kwanza na hupauka zikikaa mwangani. Jua linalozama ambalo leo ni manjano hafifu huenda lilikuwa na wekundu unaoumiza macho. Inasimuliwa kwamba William Winsor, mwuzaji wa rangi, alimwonya juu ya kununua rangi zisizodumu, akajibiwa kwamba kazi ya Winsor ni kutengeneza rangi na ya Turner ni kuzitumia.

John Ruskin, mtetezi wake mkubwa kuliko wote, alikiri kwamba hakuna picha ya Turner inayoonekana katika ukamilifu wake mwezi mmoja baada ya kuchorwa, na kwamba ile ya kufunguliwa kwa Walhalla ilipasuka kabla haijatimiza siku 8 katika kumbi za Academy. Nyumbani kwake mtaa wa Queen Anne mambo yalikuwa mabaya vilevile. Paa lilivuja, unyevu ulishuka ukutani, paka wa mtunza nyumba walizurura, na inadaiwa kwamba turubai moja ilizibia tundu la dirisha walilopitia.

Je, hakujali? Mtu aliyetoa pauni 3,000 kuzuia nakala hafifu hawezi kuitwa hivyo. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba kwenye mafuta alikuwa mtu wa ukuta. Sifa, kashfa za magazetini na wanunuzi vyote vilipatikana ndani ya wiki chache baada ya ufunguzi, na kila alichokiweka kwenye paleti kilichaguliwa kiwake wiki hizo.

Meli ya watumwa

Mwaka 1840, mwaka ambao mkutano wa kimataifa wa kupinga utumwa ulifanyika London, Turner alionyesha picha ya wafanyabiashara wa watumwa wakiwatosa baharini waliokufa na wanaokufa, kimbunga kikija. Mara nyingi inahusishwa na meli ya Zong. Mwaka 1781 mabaharia wa meli hiyo waliwatosa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai fidia ya bima kama mtu aliyepoteza shehena. Katika picha, mbele kulia, mguu wenye pingu unatokeza majini kati ya samaki, na minyororo inaelea mahali ambapo chuma hakiwezi kuelea.

Wakosoaji wengi waliicheka rangi yake. Baba yake Ruskin aliinunua kama zawadi kwa mwanawe. Leo iko Boston, Marekani. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka 1805 Turner alikuwa ameweka pauni 100 katika mradi wa mifugo Jamaika uliotegemea kazi ya watumwa. Mradi ulifilisika. Wapo wanaoiona picha ya 1840 kama toba, lakini yeye hakuacha neno la kuthibitisha hilo, na miaka 35 ni mingi. Mambo yote mawili yawekwe mezani, kila msomaji ayapime.

Wosia

Turner alifariki tarehe 19 Desemba 1851 huko Chelsea, katika nyumba ya Sophia Booth, mjane aliyeishi naye kwa siri kiasi kwamba majirani walimwita Admirali Booth. Alizikwa katika kanisa kuu la St Paul's. Mali yake ilikadiriwa kufikia pauni 140,000.

Wosia wake, ulioandikwa na kurekebishwa kwa viongezeo kuanzia mwaka 1829, ulitaka mambo mawili makubwa. Kwanza, fedha zijenge makazi ya wachoraji wazee maskini, wanaume Waingereza, kwenye ardhi yake Twickenham. Pili, picha zake zilizokamilika ziende National Gallery, jumba la taifa la sanaa jijini London, kwa sharti la kujengewa chumba chenye jina lake ndani ya miaka 10. Picha mbili, ile ya Dido akijenga Carthage na ile ya jua likichomoza kwenye mvuke, zilitakiwa zitundikwe kando ya mbili za Claude, mchoraji Mfaransa wa karne ya 17 ambaye Turner alijipima naye maisha yake yote.

Ndugu wa upande wa baba walipinga. Kesi ilikaa katika mahakama ya Chancery hadi Machi 1856, ikaisha kwa mapatano. Ndugu walipata nyumba, fedha na chapa. Royal Academy ilipata pauni 20,000. Makazi ya wazee hayakujengwa. Taifa lilipewa kila kitu kilichotoka mkononi mwa Turner, kilichokamilika na kisichokamilika, bila kujali.

Maneno hayo machache ndiyo yaliyomtengeneza Turner tunayemjua. Aliandika "zilizokamilika" na alimaanisha hivyo. Mahakama ilileta takriban turubai 100 zilizokamilika, na pamoja nazo nyingine zaidi ya 180 zilizoachwa njiani, yaani misingi ya manjano na buluu iliyokuwa ikisubiri siku tatu za ukutani ambazo hazikuja, bila kuhesabu maelfu kwa maelfu ya karatasi. Kwa nusu karne turubai hizo zilikaa ghalani kama mabaki. Mwaka 1906 kundi la turubai hizo likatolewa Tate kwa mara ya kwanza, mbele ya macho yaliyokwisha kuzoeshwa na Wafaransa, na ghafla zikaonekana kama kilele. "Norham Castle, Sunrise", lile kasri la buluu kwenye ukungu linalochapwa kwenye kadi na mabango, ni mojawapo. Turner hakuitundika popote.

Sisemi si nzuri. Ni nzuri kupindukia. Ila anayetaka kujua mtu mwenyewe alikusudia nini akatazame "The Fighting Temeraire" ya 1839, manowari iliyopigana vita vya Trafalgar ikivutwa na boti ya moshi kwenda kubomolewa, iliyo National Gallery. Hakuitenda kwa haraka, hali yake ni nzuri kuliko nyingi, alikataa kuiuza, na kipande chake kimo kwenye noti ya pauni 20 tangu 2020. Hapo ukungu upo, lakini kamba, milingoti na maji vipo pia, kila kitu mahali pake.

Chumba alichokitaka kilichelewa mno. Jengo la Clore la Tate lilifunguliwa mwaka 1987, na hata hapo picha hazikukusanywa zote: nyingi ziko Tate, chache mashuhuri zilibaki National Gallery, na wapo wanaoshikilia mpaka leo kwamba wosia ulivunjwa. Sharti la Claude, angalau, limetimizwa, zile nne zimetundikwa pamoja National Gallery.

Ukifika mbele ya picha yake yoyote, soma kwanza kibao. Jina refu, pengine na mashairi, pamoja na maneno kwamba ilionyeshwa mwaka fulani, ni picha ambayo Turner aliimaliza na kuisimamia. Jina fupi lenye mwaka wa kukadiria mara nyingi ni jina lililotolewa na makumbusho kwa turubai iliyokutwa studio. Halafu sogea pembeni hadi mwanga wa taa uteleze juu ya rangi. Nyeupe iliyovimba kwenye jua na povu ni ya siku za ukutani. Mipasuko mipana kwenye sehemu za kahawia ni lami au megilpi. Na mawingu yakiwa ya waridi kwenye karatasi ambayo kila kitu kingine kinaonyesha mchana wa mvua, fikiria nili iliyokuwepo.